Ughaibuni: Saluni ipo jirani, msusi yuko mbali

MSICHANA anayeondoka Dar es Salaam au Nairobi mwezi Septemba kwenda kuanza masomo ya chuo kikuu nchini Uingereza huwa amejiandaa kwa mengi. Viza ameipata, koti la baridi limenunuliwa mitumbani, na nywele zimesukwa siku mbili kabla ya safari, rasta ndogondogo za kudumu ili zimfikishe mbali.

Rasta hizo humfikisha katikati ya Novemba. Wakati huo mashina yamekwishaota, ngozi ya kichwa inawasha na hakuna namna zaidi ya kufumua. Hapo ndipo anapogundua jambo ambalo hakuna aliyemdokeza katika semina za kuwakaribisha wanafunzi wageni. Mtaa anaoishi una saluni tatu, zote zina taa nzuri na vioo safi, na hakuna hata moja inayoweza kumsuka.

Jibu analopewa mlangoni aghalabu huwa la upole. Ataambiwa kwamba fundi wa nywele za aina yake hayupo, au kwamba hawafanyi nywele za namna hiyo. Wapo wanaokubali kumhudumia kwa woga, na hao huenda ni hatari zaidi kuliko waliokataa.

Wengi wanaokutana na jibu hilo kwa mara ya kwanza huliona kuwa ni ubaguzi wa rangi wa waziwazi. Ubaguzi upo, na baadhi ya nchi zimelazimika kuutungia sheria. Hata hivyo, sababu iliyo kubwa zaidi imejificha mahali pengine, nayo ni mitaala ya vyuo vya ususi. Kwa miaka mingi, aliyesomea kazi hiyo Ulaya aliweza kufaulu na kutunukiwa cheti bila kushika kichwa chenye nywele za kipilipili hata mara moja.

Nywele zinazohitaji mkono wake

Ili kuelewa kwa nini fundi mwenye uzoefu wa miaka 20 anaweza kushindwa na kichwa kimoja, ni vema kuanza na nywele zenyewe.

Unywele wa kipilipili huota kutoka katika kinyweleo kilichopinda, na ukikatwa, umbo lake si la duara kamili bali limebonyea kama yai. Mafuta ya asili yanayotoka ngozini hushuka kwa urahisi kwenye nywele za singa, lakini kwenye nywele zilizojisokota hukwama njiani. Matokeo yake ni kwamba ncha hubaki kavu, na kila mahali nywele zinapopinda ni mahali zinapoweza kukatikia.

Fundi aliyefundishwa kwa nywele za singa huzoea kuziosha, kuzichana kuanzia kwenye shina kwenda chini na kuzikata zikiwa bado mbichi. Akifanya hivyo kwa nywele za kipilipili atazing'oa kwa chanuo. Tena, kwa kuwa nywele hizo hunywea zinapokauka, mteja aliyeomba kupunguziwa ncha tu anaweza kuondoka na kichwa kifupi kuliko alivyokusudia.

Hali ya hewa nayo huchangia. Hewa ya majira ya baridi ni kavu, na mitambo ya kupasha joto majumbani huikausha zaidi. Maji ya bomba katika jiji la London yana chokaa nyingi, ambayo huacha utando juu ya nywele na kuzifanya ngumu. Mwanamke aliyezoea unyevunyevu wa Mombasa au Tanga hushangaa mafuta yale yale aliyoyatumia nyumbani yakimwacha na nywele zinazokatika kama majani makavu.

Mifumo miwili, matokeo mamoja

Nchini Uingereza, mtu hahitaji leseni ya serikali ili kufungua saluni. Ipo sheria ya mwaka 1964 inayohusu usajili wa wasusi, lakini usajili wenyewe ni wa hiari. Kinachowaongoza wanaosomea kazi hiyo ni viwango vya taifa vya mafunzo, na ndani ya viwango hivyo nywele za Kiafrika zilikuwa somo la pembeni, ambalo mwanafunzi aliweza kuliruka.

Hali hiyo ilibadilika mwezi Julai 2021, viwango hivyo viliporekebishwa ili kila anayesomea ususi ajifunze kukata na kutengeneza nywele za aina zote, zikiwamo za kipilipili. Mabadiliko hayo yalisifiwa sana, na yalistahili sifa. Lakini yanamhusu anayesoma sasa. Fundi aliyepata cheti chake mwaka 2005 halazimiki kurudi darasani, na ndiye ambaye mara nyingi anamiliki saluni ya mtaani.

Ujerumani inafuata njia iliyo kinyume kabisa. Huko ususi ni ufundi unaolindwa na sheria: kijana hujifunza kazini na darasani kwa miaka mitatu, na kwa kawaida saluni haifunguliwi bila kuwa na fundi mwenye cheti cha juu cha ufundi huo. Mtu angetarajia ukali huo umsaidie mgeni. Badala yake humfungia mlango kwa namna nyingine, kwa sababu mama wa Kikenya anayejua kusuka tangu utotoni, lakini asiye na cheti hicho, hapati njia rahisi ya kufungua saluni yake.

Marekani ndiko mgongano huo ulikofika mbali zaidi. Majimbo mengi yanamtaka fundi wa saluni asome saa 1,000 au zaidi kabla ya kupewa leseni, na kwa muda mrefu sharti hilo liliwakumba hata wanaosuka kwa mikono tu, bila dawa wala mkasi. Kichekesho ni kwamba wengi wao walitakiwa kulipia masomo ambayo hayakuwa na somo la kusuka.

Kesi inayojulikana zaidi ni ya Isis Brantley, msusi wa Dallas katika jimbo la Texas, ambaye mwaka 1997 alikamatwa na polisi kwa kosa la kusuka nywele bila leseni. Baadaye alipotaka kuwafundisha wengine, jimbo lilimtaka awe na jengo la futi za mraba 2,000, viti 10 na masinki matano, ingawa kusuka hakuhitaji hata tone la maji. Aliishitaki serikali ya jimbo, na Januari 2015 jaji wa mahakama ya shirikisho alimpa ushindi. Miezi michache baadaye Texas ikafuta kabisa leseni ya kusuka. Leo zaidi ya majimbo 30 hayamtaki msusi wa mkono kuwa na leseni, lakini yaliyosalia bado yana masharti, na anayehamia Marekani akiwa na ujuzi huo hana budi kuulizia sheria ya jimbo lake kabla hajaanza kuchukua wateja.

Safari ya kwenda kusukwa

Kwa kuwa saluni ya jirani haifai, mgeni hufanya kile walichofanya waliomtangulia. Hupanda treni.

London humpeleka Peckham au Brixton, kusini mwa mto Thames. Paris humpeleka kituo cha Château d'Eau, ambako vijana husimama kwenye ngazi za kutokea chini ya ardhi wakiwavutia akina mama waingie saluni za boulevard de Strasbourg, kwa mtindo ambao mpiga debe wa Kariakoo asingeuona mgeni. New York humpeleka Harlem, kwa wasusi ambao wengi wao wametoka Senegal, Mali na Ivory Coast. Brussels humpeleka Matongé, mtaa uliopewa jina la kitongoji cha Kinshasa, na huko anaweza kubahatika kusikia Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi kikizungumzwa kwenye kiti cha pili.

Kwa anayeishi katika mji mdogo, safari hiyo inaweza kuwa ya saa mbili au tatu kwenda tu, ukiacha saa tano hadi nane za kukaa kwenye kiti.

Mtu wa Afrika Mashariki huko naye bado ni mgeni. Wasusi wengi wa mitaa hiyo ni wa Afrika Magharibi na Kongo, na mitindo wanaiita kwa majina yao. Aliyezoea kuagiza “yeboyebo” au “twende kilioni” na kueleweka papo hapo atajikuta anachora hewani kwa vidole. Wenye uzoefu hutembea na picha ya mtindo, iliyopigwa mbele, kando na kisogoni.

Ni vizuri pia kufahamu kwamba mitaa hiyo ina upande wake wa giza. Palipo na kazi isiyosimamiwa, anayeumia kwanza ni mfanyakazi asiye na vibali. Mwaka 2014, wasusi na watengeneza kucha wa saluni moja ya boulevard de Strasbourg, Waafrika kwa Wachina, waligoma wakidai malipo na haki ya kuishi nchini kihalali. Waliungwa mkono na chama cha wafanyakazi, na mwaka uliofuata wakapata vibali. Bei ya chini kupita kiasi katika mitaa hiyo aghalabu hulipiwa na mtu, naye ni yule anayesimama nyuma ya kiti.

Kwa nini bei ni kubwa

Malalamiko makubwa ya waliofika Ulaya karibuni huhusu bei. Kusuka rasta ndogo London kwa pauni 100 au zaidi si jambo la ajabu, na mteja mara nyingi huja na rasta zake mwenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Msusi anayekaa na kichwa kimoja kwa saa sita anastahili, kwa kiwango hicho cha chini kabisa, pauni 73.26. Hapo hajalipia kodi ya kiti, kwani wengi hukodi kiti ndani ya saluni ya mtu mwingine, wala umeme na nauli. Saluni kubwa huongeza na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20.

Dar es Salaam au Mombasa, kichwa kimoja huweza kushikwa na wasusi watatu kwa pamoja na kumalizika saa za mchana. Ughaibuni jambo hilo ni adimu, kwa sababu kila jozi ya mikono ina bei ya saa.

Kwa mwanafunzi, hesabu hiyo inauma zaidi. Viza ya masomo ya shahada nchini Uingereza humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Kwa kiwango hicho cha mshahara, pauni 100 ni zaidi ya saa nane za kazi, yaani karibu nusu ya anachoruhusiwa kufanya katika wiki nzima.

Hapo ndipo linapoingia soko la bwenini. Katika karibu kila chuo chenye Waafrika yupo mmoja anayejua kusuka, na habari zake husambaa haraka. Jumamosi chumba chake hugeuka saluni, wali unapikwa, na malipo huwa nusu ya yale ya mjini. Ni utaratibu unaopendwa, lakini una mtego ambao wengi hawaufahamu. Viza hiyo humkataza mwanafunzi kujiajiri, hata kama hajazidisha saa 20. Anayewasuka wenzake kwa malipo anahesabika kuwa amejiajiri, na akibainika anaweza kufutiwa viza na kukatisha masomo. Kusukana kwa udugu, bila malipo, hakumo katika katazo hilo. Anayechangisha “nauli kidogo” baada ya kila kichwa anacheza na masomo yake, na anayempa hiyo nauli anapaswa kulijua hilo.

Dawa, kukaza na mashina

Wapo wanaochoka na safari na gharama, wakaamua kuweka dawa ili nywele zinyooke na saluni yoyote iweze kuzishughulikia. Kwa miongo mingi ndiyo iliyokuwa njia ya mkato ya wanawake wengi weusi wanaoishi katika nchi za wazungu, na maofisa wa ajira nao waliipenda sura hiyo.

Uamuzi huo sasa unahitaji kufikiriwa mara mbili. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wa umri wa miaka 35 hadi 74. Walikadiria kwamba wanawake wasiotumia kabisa dawa za kunyoosha nywele wangeweza kupata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufikisha miaka 70 kwa kiwango cha asilimia 1.64. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja, kiwango kilikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo unaonyesha uhusiano tu, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Hata hivyo, tofauti ya zaidi ya mara mbili si ya kupuuzwa na anayefanya “ritachi” kila baada ya wiki nane.

Kusuka nako hakukosi madhara. Kwa kuwa msusi ni wa mbali na ni ghali, mteja hutamani rasta zidumu miezi mitatu, hivyo huomba zikazwe sana. Kukaza kwa muda mrefu huvuta vinyweleo hadi nywele za pembeni mwa uso zikaacha kuota. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta tatizo hilo kwa karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliochunguzwa. Rasta zinazomnyima mtu usingizi usiku wa kwanza zimekazwa kupita kiasi, na kumeza dawa ya maumivu si tiba yake. Ni bora zifumuliwe pale pale, hata kama pauni zimekwisha kulipwa.

Kuhusu kazi na shule, upepo umeanza kugeuka. Jimbo la California lilikuwa la kwanza Marekani, Julai 2019, kutunga sheria inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya nywele zake za asili au mtindo kama rasta, na majimbo zaidi ya 20 yakafuata. Uingereza, Oktoba 2022, tume inayosimamia usawa ilitoa mwongozo kwa shule kwamba kuwazuia wanafunzi kuvaa nywele zao za asili au kusuka kunaweza kuvunja sheria. Ufaransa, mahakama ya juu ilimpa haki Novemba mwaka huo huo mhudumu wa ndege mwanamume aliyezuiwa kazini kwa sababu ya kusuka, wakati wenzake wa kike waliruhusiwa. Machi 2024 Bunge la Taifa la nchi hiyo lilipitisha muswada wa mbunge wa Guadeloupe, Olivier Serva, wa kukataza ubaguzi wa nywele, ukapelekwa Seneti.

Kabla ya kukaa kwenye kiti

Desturi za saluni za huko zinatofautiana na za nyumbani, na wageni wengi hupoteza fedha kwa kutozijua. Mteja haingii tu na kusubiri zamu akipiga soga. Huweka miadi, mara nyingi kwa simu au intaneti, na hulipa kianzio ambacho hakirudi akichelewa kupita dakika walizoweka. Saluni nyingi za kusuka humtaka aje na nywele zilizokwishaoshwa na kunyooshwa kwa draya, na asipofanya hivyo huongezewa gharama. Kabla ya kupaka rangi atatakiwa kufika siku mbili mapema kupimwa ngozi kwa tone la rangi hiyo. Marekani atatarajiwa kuacha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya bei, na kutoiacha huchukuliwa kuwa ni kutoridhika.

Swali la kuuliza kwenye simu si kama wanafanya nywele za Kiafrika, kwa maana wengi hujibu ndiyo. La maana ni kuuliza ni nani hasa atakayemhudumia, na kuomba kuona picha za vichwa alivyovitengeneza.

Mwanamke anayevaa hijabu ana swali la nyongeza, iwapo kuna chumba au pazia. Katika miji ya Ulaya si kila saluni inalo. Waliokwenda Oman au Dubai wana nafuu kwa hilo, kwani saluni za wanawake huko zimetengwa kabisa, vioo vimezibwa na mwanamume haingii. Tabu yao ni nyingine: mfanyakazi wa ndani asiyepewa siku ya mapumziko hawezi kuifikia saluni hata ikiwa ng'ambo ya barabara.

Wanaume, kwa kawaida, hutoka salama zaidi. Kinyozi anayejua kupitisha mashine kwenye nywele fupi za kipilipili hupatikana katika miji mingi, na akikosea, kosa hilo humalizika baada ya wiki mbili.

Wengi walio na uwezo wa kurudi likizo huahirisha kila kitu hadi Desemba. Huvumilia Novemba kwa kilemba au wigi, na siku ya pili baada ya kutua huwa wamekwishakaa saluni, wasusi watatu kichwani na soda mkononi. Wakiondoka Januari, sehemu ya begi imejaa paketi za rasta za kuwatosha mpaka Juni. Nyingi zimetengenezwa China, ambako mji wa Xuchang katika jimbo la Henan ndio kitovu cha biashara ya nywele bandia duniani. Paketi hizo huvuka bahari hadi Dar es Salaam, zikapandishwa tena ndege kwenda Ulaya, kwa sababu mwenye nazo anajua kwamba saluni tatu za mtaani kwake haziuzi kitu hicho.